Mchoro Uliowekwa Mtaa wa Pili

Dada Mwende, kipenzi changu,

Salamu tele kutoka Doha! Mimi na Musyoki wangu tuna furaha isiyo kifani. Ila tangu uniambie kwamba nyumba yetu ya zamani inabomolewa mwezi ujao kupisha barabara, siachi kuiwaza.

Leo Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya ibada, tulipotoka kanisani, jirani zetu waliotoka Baghdad, mtu na mkewe, walitukaribisha chai ya ndimu kavu. Ukutani nikaona umetundikwa mchoro wa nyumba wa penseli. Mama huyo akatueleza kuwa yeye na mumewe walisomea usanifu wa majengo chuo kikuu wakati wa vita, madirisha ya darasa yakiwa hayana vioo. Mwalimu alimwagiza kila mwanafunzi apime nyumba ya kwao, aichore, kisha mchoro autunze mwenzake wa mtaa mwingine, ili kombora likianguka, nyumba na mchoro visiteketee pamoja.

Nyumba ya mama huyu ikapigwa kweli. Kijana aliyeutunza mchoro wake akavuka mji kwa miguu kumpelekea.

"Nilikwenda kuurudisha tu," mumewe akasema.

"Na mpaka leo hajaaga!" mama akamjibu.

Tulicheka, huku Musyoki kanishika mkono, nami machozi yananilengalenga.

Basi nakusihi, kabla tingatinga halijafika, pima kila chumba, hata kibaraza ambapo mama alitusukia nywele, ukichore. Usiuweke mchoro hapo nyumbani. Nitumie mimi, niutunze huku.

Mungu akukumbatie kwa niaba yangu,
Mdogo wako, Ndinda