Mteja Anayekuja na Riwaya na Kikombe Chake

Mama Victoire mpendwa, nisaidie kabla sijamfukuza mteja wangu. Mimi nasuka nywele hapa Joubert Park, Johannesburg, kwetu ni Kivu, na kuna mama mmoja wa huko huko kwetu, Brigitte, kila akija kusukwa ananiletea riwaya, ya kwanza nilishukuru maana Kifaransa nasoma, ilikuwa ya mwanamke wa wale wenyeji wa asili wa Kanada aliyenyang'anywa mama yake akiwa mdogo, akalelewa na bibi mlevi, lakini akasimama, nikiikumbuka nikisuka nililia mpaka nikakosea mstari wa nywele, kisha akaleta ya pili, ya mwanamke wa wenyeji wa asili wa Australia, yaleyale, ukoo umevunjika yeye hakuvunjika, na juzi ameleta ya tatu akaniuliza, "Dada, hawa wanawake wanakukumbusha nani?" Eish, mama, nilijifanya sikusikia, nikaendelea kusuka!

Maana mimi ni Mtwa, mmoja wa Batwa, wale watu wa msituni wanaodharauliwa kwetu. Babu zangu walifukuzwa msituni ili pawe hifadhi ya wanyama, baba akageukia pombe na kumpiga mama, mama akatulea kwa kufinyanga vyungu, na hapa Johannesburg hakuna anayejua, hata mume wangu Pacifique hajui, nilimwambia sisi ni watu wa Bukavu mjini, basi, naye akikaa na rafiki zake wanawacheka Batwa na mimi nacheka nao. Unajua kwetu watu hawanywi kikombe kimoja na Mtwa. Sasa huyu Brigitte chai yangu anakunywa, lakini anatoa kikombe chake mkobani, changu hakigusi hata siku moja! Si amenijua huyo? Si ananitega ili nikiri, apeleke habari kanisani, Pacifique aniache na kunichukulia watoto? Nimfukuze, au nihamie Randburg, mbali na hapa, asikonijua mtu?

Mwenye Hofu

*

Pole, mwanangu. Sasa nisikilize, maana umeniudhi.

Anayemdharau Mtwa hanywi chai aliyoipika Mtwa, wala hampi kichwa chake akishike nusu siku. Kikombe umekiona, chai hukuiona? Mimi nimekulia Uvira. Batwa waliokuja kulima kwa mama yangu walikuja kila mmoja na kikombe chake, kwa sababu walikwisha kufukuzwa kwenye vikombe vya watu. Mtu akifundishwa hivyo utotoni, anazeeka nacho. Siapi, simjui Brigitte, lakini nadhani naye ni Mtwa wa kwenu, na anakuletea wanawake wa Kanada na Australia kwa kuwa neno lenyewe linamshinda kulitamka. Nawe unatafuta namna ya kumfukuza! Haya.

Akija tena, subiri wateja waishe. Mwambie, "Wananikumbusha mama yangu," unyamaze, umwache aseme yeye. Umwekee chai kwenye kikombe chako mwenyewe.

Kuhusu kanisa, wacha waseme. Watoto hawachukuliwi kwa umbea, nchi hii ina mahakama, na kuzaliwa Mtwa si kosa. Ila kile kicheko chako mbele ya rafiki za mumeo kikome leo, unamcheka mama aliyekulea.

Kisha Pacifique. Asisikie kwa mtu mwingine. Mketishe mchana, watoto wakiwa shule, umwambie wewe ni nani na msitu wenu ulikwenda wapi. Umemshuku mteja bure, mama, kumbe anayestahili kushukiwa analala kitandani kwako. Mwambie huku ukimtazama usoni, ndipo utajua umeolewa na nani.