Mistari Miwili Niliyoiruka

Baba mkwe,

Shikamoo. Hii ndiyo shikamoo yangu ya kwanza kwako, na imechelewa miaka saba. Siku nilipoingia kwenu kama mke wa mwanao, mama mkwe alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akaninong'oneza jina lako la utotoni, lile alilokupa mama yako. Akasema, "Umelisikia? Basi hilo usilitamke hata nyumba ikiungua." Ndivyo sisi Wanyakyusa tunavyomheshimu baba wa mume. Mkwe wa kike hamtazami, hasemi naye, hataji jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia migombani. Tulibatizwa sote, tukahamia huku Uyole kwenye baridi, pareto na viazi, mengine tukayaacha. Hilo hatukuliacha.

Kwa hiyo nilikujua kwa masikio. Sura yako sikuijua, ila kikohozi chako ningekitambua katikati ya soko. Ulikuwa unakohoa mara moja ukifika kwenye uzio, kuniarifu unapita, nami naacha jembe najificha. Nilikijua pia kiti chako, kile chenye mguu mmoja uliolegea. Jioni nilipomsomea binti yetu Injili ndani, kiti kilikuwa kinalia nje, halafu nasikia hatua zako zinakwenda upande wa zizi. Ulikuwa unanipisha nisome kwa uhuru. Tuliishi hivyo, baba, tukipishana kama watu wawili wanaoota ndoto moja kila mmoja kitandani kwake.

Kisha ukaugua ugonjwa ule wa akili. Nakumbuka asubuhi za ukungu, sauti yako ikitoka kwenye shamba la pareto ukijibizana na watu ambao hawakuwapo. Uling'oa uzio wote ukisema wamejificha ndani yake. Mwanao alikuwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, yule mume wangu anayerudi mara mbili kwa mwaka na blanketi moja na maneno mengi. Alikuja safari hiyo bila blanketi, akakupandisha basi kwenda hospitali ya mbali, kupitia Iringa. Nililia siku uliyoondoka. Mama mkwe akanicheka, "Unamlilia mtu usiyemjua?" Nilikuwa nakujua.

Uliporudi ulikuwa mtulivu. Nilikusikia ukimsimulia mama mkwe jinsi basi lilivyolala Iringa, na upepo wa pale, na yale mawe makubwa juu ya mji uliyodhani ni tembo wamelala. Ukacheka. Miezi mingi ilikuwa imepita bila kicheko hicho. Vidonge vile vipya vya hospitali ndivyo vilivyokurudisha, na ingawa mama mkwe alisema mikono yako inatetemeka kidogo, hakuna aliyetaka uviache.

Pamoja na vidonge ulikuja na karatasi. Mama mkwe hajui kusoma, akanipa mimi niliyesoma shule ya misheni. Tulikaa jikoni. Nikaanza kwa sauti ya chini: vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, asiviache hata akijiona amepona, asinywe pombe. Hapo nikasikia kiti kikilia nje, karibu kabisa na ukuta. Ulikuja kusikiliza, na ilikuwa haki yako, karatasi ilikuwa yako. Lakini mimi aibu ilinishika. Sauti yangu, ikisema habari za mwili wako, ukiwa mkono mmoja kutoka kwangu! Ilikuwa imebaki mistari miwili, ambayo macho yangu yalikwisha kuipitia. Nikaikunja karatasi, nikamwambia mama mkwe, "Basi, ni hayo." Nilijiambia nitammalizia kesho. Kesho ilikuwa siku ya kupalilia viazi.

Ukaja msimu wa baridi, ukashikwa na mafua. Nitakuambia kitu sasa ucheke. Siku zile sikujua kikohozi kipi ni cha kunipisha na kipi ni cha ugonjwa, basi nilijificha mara kumi kwa siku, na binti yetu, mjukuu wako, akaniuliza tunacheza na nani. Mama mkwe alikuhurumia. Alikwenda dukani kwa Mzee Shomari, pale njia panda, akanunua chupa ya dawa ya mafua, ile nyeusi tamu. Mzee wa watu alimwambia kwa wema kabisa kwamba inakausha mafua na kumlaza mtu vizuri. Mama akakupa vijiko viwili asubuhi juu ya vidonge vyako, na viwili tena saa sita, kwa kuwa ulisema ni tamu. Kisha akaenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, na mjukuu wake mgongoni.

Kikohozi kikanyamaza. Nisamehe, baba, nilifurahi. Nililima mchana ule kwa raha, bila kukimbilia migombani hata mara moja. Ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa, dunia yote ikawa kimya na nyeupe, nikaimba. Niliporudi kuosha vikombe vilivyoachwa kizingitini kwako, nikaiona chupa. Ndipo ile mistari miwili ikaja mbele ya macho yangu kama nimeishika mkononi.

Nikasikiliza ukutani. Ulikuwa unakoroma, lakini mkoromo ule haukuwa wako. Ulikuwa unavuta, halafu kimya, kimya kirefu, halafu unavuta tena. Nilisimama mlangoni. Nakiri, nilisimama. Nilihesabu pumzi zako tano, baba, nazo zilikuwa mbali mbali. Niliogopa kuingia kuliko nilivyoogopa kitu chochote maishani.

Kisha nikaingia. Nikakuona uso kwa mara ya kwanza. Unafanana na mwanao akilala, hilo sikulitegemea. Nilikushika bega, nikakutikisa, ukawa mzito na baridi. Nikakulaza ubavu usipaliwe, nikakufunika blanketi zote, nikakuita, "Baba! Baba!" Hukusikia. Basi nikakuita kwa jina lile. Mara tatu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Macho yako yakafunguka kidogo, hayakuniona, ukasema, "Naam, mama."

Nililiita tena na tena kila ulipotaka kuzama, huku nikipiga kelele jirani amwite dresa wa zahanati. Alifika na baiskeli, akakushika mkono akihesabu, akainusa chupa. Uliendelea kupumua. Jioni uliomba maji.

Mama mkwe aliporudi, dresa alimgombeza. "Dawa hizi za dukani za mafua zina usingizi ndani yake, na vidonge hivi vina usingizi wake. Umemwekea usingizi juu ya usingizi. Si imeandikwa kwenye karatasi?" Mama akainamisha kichwa, akasema, "Nimezeeka, mwanangu. Nilisomewa, nimesahau."

Hakusomewa. Nilikuwa nimesimama pale, na nilinyamaza.

Wewe uliwaambia watu umeota mama yako anakuita shambani. Kila mtu akasema ni ndoto nzuri. Nikaiacha iwe ndoto, maana ilinifaa. Ulikaa nasi mwaka mmoja na zaidi, na vidonge vyako na akili yako, mpaka moyo ulipochoka wenyewe. Kwa muda wote huo, mama alikuwa akiniambia habari ya usahaulifu wake uliotaka kukuua, nami nampa uji namwambia asijali. Aibu ya namna hiyo hailali, baba.

Jana nilimwambia. Tulikuwa tunachambua maharage. Nilimwambia yote: kiti, mistari, jina. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani atanifukuza. Kisha akasema, "Unakumbuka ulipokuwa unamsomea mtoto, baada ya siku ile ya dawa ya mafua? Kiti kililia?"

Nikafikiri. Hakikulia. Mwaka mzima nilisoma Injili jioni na kiti hakikulia hata siku moja, nami nilidhani umekwenda zizini mapema.

"Alikuwa amekaa pale pale," mama akasema. "Nilimwambia ampishe mkwe wake. Akasema, 'Sauti hiyo ndiyo iliyonirudisha, siikimbii tena.'"

Kisha akalia, akanisukuma begani, akasema ningemwambia mapema asingejiita mzee bure.

Karatasi yako ninayo. Nimeitoa kwenye Biblia, na leo nimekuja nayo hapa ulipolala, kando ya migomba. Kaa, baba, usinipishe. Nasoma kwa sauti.

"Mgonjwa asipewe dawa nyingine yoyote, hata ya mafua au kikohozi ya kununua dukani, bila kuuliza kwanza. Msomeeni na yeye mwenyewe asikie."

Mkweo, mke wa mwanao