Siku Nilipokiosha Kioo cha Hodan

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimefagia mara ya tatu leo na vumbi bado lipo. Xagaa ndiyo hii, majira ya upepo na vumbi, na upepo hauna adabu. Unapita chini ya mlango na kukaa kama mgeni wa ukoo. Nimefukiza vibuyu vya maziwa kwa vijiti vya moto. Kisha uunsi, ubani wa kwetu, vyumba vyote, kama kila jioni. Nyumba ya Mwislamu inukie.

Kompyuta ya Hodan iko juu ya meza ya marehemu baba yake. Ndugu yangu aliye ng'ambo ndiye aliyeituma. Hodan anaifunika kwa shuka la maua, anaifunua kama bibi harusi. Binti yangu huyu amesoma uhazili Nairobi, sasa anawapigia watu chapa hapa nyumbani. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi amempa mitihani yote ya muhula. Imfikie Jumatatu ijayo. Ikimridhisha, kazi zote za shule zitakuja kwake.

Asubuhi alikuja Noor, ndugu wa marehemu mume wangu. Hakungoja hata chai ipoe.

"Shemeji, msichana anatazama kioo kutwa. Kioo kitamzalia watoto?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kuna mwuza ngamia wa Wajir amemposa Hodan. Mtu mzima, ana wake wawili. Noor amesema, kazi ya shule ikifika siku yake, atanyamaza. Isipofika, Hodan apande gari la Wajir Ijumaa ile. Tangu mume wangu afariki, neno la Noor ndilo neno.

Hodan hataki Wajir. Mimi sitaki aondoke. Nayasema hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Kisomali changu ni cha mdomo. Kuandika ni Kiswahili cha shule, na hata hicho niliishia darasa la saba.

Jumatano, 3 Julai

Macho ya Hodan mekundu kama aliyelia. Hakulia. Ni kioo cha kompyuta. Kimekuwa rangi ya chai. Kidole chake kikipita kinaacha njia.

"Hooyo, uunsi wako unanipofusha," akasema, akanibusu mimi mama yake kichwani. Mzaha, lakini uliniingia.

Akiiacha kompyuta kidogo bila kuigusa, inaandika yenyewe Bismillahi Rahmani Rahim. Herufi za Kizungu, kubwa, za kijani. Zinapita kutoka upande mmoja, zinatoka upande wa pili, zinarudi. Yeye ndiye aliyeifundisha hivyo. Leo nilivuta kiti nikatazama mpaka adhana. Noor anasema hiki ni chombo cha shetani. Shetani gani anayetaja jina la Mola wake mchana kutwa?

Nimeambiwa nisiiguse. Nimesikia.

Jumamosi, 6 Julai

Ya Rabbi. Nimeharibu.

Nitaandika hivyo hivyo.

Hodan alitoka kwenda sokoni kutafuta utepe wa printa. Kompyuta akaiacha inawaka, atarudi sasa hivi. Kioo kichafu vile. Nikasema nimfanyie wema, akirudi aone nuru. Kioo ni kioo. Miaka yote nimeosha kioo cha taa ya chemni kwa jivu laini na kitambaa kibichi, kinatoka kama hakipo. Nikachota jivu la jikoni, beseni la maji, kipande cha kanga ya zamani.

Nilipokaribia, malaika ya mkono yakasimama yote. Kikalia taratata, kama kuni mbichi. Kitu kikanidonoa kidole. Nilipaswa kuacha. Sikuacha. Nilisema A'udhu billahi nikaendelea kusugua, mjinga mimi. Bismillahi ilikuwa inapita chini ya kitambaa changu. Maji yakateremka, yakaingia kwenye nyufa za hewa zilizo juu yake.

Tak. Harufu ya nywele zikiungua. Giza.

Nikatazama beseni. Maji meusi. Meusi kama yale ya loox, ubao wetu wa chuo cha Kurani, tulipokuwa tunaosha wino wa mkaa. Hapo nikajua. Nimeyafuta. Maneno ya mitihani yote, na jina la Allah juu yake, nimeyaosha kwa jivu.

Sikuweza kumwaga. Maji ya loox hayamwagwi njiani yakakanyagwa, hilo kila mtoto wa chuo analijua. Nikayatia kwenye bilauri, nikafunika kwa kisahani, nikaweka juu ya kabati. Kisha nikakaa chini.

Hodan aliingia anaimba. Akaacha kuimba.

Hakunipigia kelele. Bora angenipigia. Alichomoa waya ukutani haraka kama anayemtoa mtoto motoni. Kisha akanishika mikono, akaigeuza, akaitazama.

"Hooyo, ungekufa. Umeelewa? Ungekufa."

Mimi nalilia mitihani, yeye ananililia mimi.

Jumapili, 7 Julai

Sikupata usingizi wa maana. Hodan ameniambia maneno hayakai kwenye kioo. Yanakaa kwenye kile kisanduku cha chini. Kioo ni cha kuonyesha tu. Nikamwuliza mara mbili. Nikataka kuamini. Lakini nimeyaona meusi kwenye beseni kwa macho yangu.

Akasema ule weusi ni moshi wa uunsi na jivu langu. Moshi! Naona aibu.

Bado kuna hofu, na ni ya kweli. Kila karatasi anayoandika lazima akiambie kisanduku kiihifadhi. Hesabu aliihifadhi. Kiswahili pia. Sayansi ndiyo aliyokuwa akiandika alipotoka. Hakumbuki kama aliihifadhi. Na bila kioo hawezi kuona. Kioo hakiwezi kuwashwa mpaka kikauke kabisa. Nilitaka nikianike juani kama vibuyu. Amekataa, kikauke kivulini. Nilitaka angalau tufungue mgongo tupanguse ndani.

"Usifungue kamwe, hooyo. Hata kikiwa kimezimwa, mgongoni kuna umeme umelala."

Umeme unalala! Nimekaa nao chumba kimoja mwaka mzima, nikiuvukizia uunsi.

Kisha la pili. Nimeingia sebuleni nikamkuta Ayeeyo, mama wa marehemu, na bilauri mkononi. Tupu. Midomo ya kijivu. Alisikia jana nikisema jina la Allah limo kwenye yale maji. Magoti yanamsumbua. Amepanda stuli akayafikia, magoti hayo hayo.

Nikapiga ukelele. Maji ya jivu, ya vumbi la Garissa nzima!

"Punguza sauti," akasema Ayeeyo. "Uchungu kidogo. Dawa gani isiyo chungu?"

Nimemnywesha maziwa. Nimemtazama kutwa kama chungu cha wali. Amekula, ameswali, amemsema jirani. Anadai goti la kulia limepoa. Alhamdulillahi, na Allah anisamehe, maana nilicheka jikoni na machozi yakinitoka.

Alasiri Noor akapita. Akaona shuka la maua limekunjwa, kioo kimelala kimya. Akauliza. Sikusema uongo. Nikamwambia ni mimi, nimekiosha. Nilidhani atafurahi. Alionekana kama mtu aliyepewa asichokiomba.

"Basi gari la Wajir ni Ijumaa," akasema, akainama kuchukua kofia yake.

Hodan alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Akamwambia ami yake, "Adeer, Jumatatu haijaisha. Haijaanza hata."

Jumatatu, 8 Julai

Nimechoka. Nitaandika kwa mpangilio nisije nikasahau.

Hodan ana rafiki, Saadia, karani katika ofisi moja ya misaada upande wa darajani. Kule kuna kioo. Hodan akasema tupeleke kisanduku chetu, tukifunge kwenye kioo cha Saadia. Mimi nikasema na mimi nakuja. Nilichokiharibu nikifuate mpaka mwisho.

Kisanduku tukakifunga blanketi, tukakipandisha mkokoteni wa punda. Printa nayo. Mkokoteni ni wa maji! Madebe manne yanatikisika pembeni, yanarusha matone. Nilivua garbasaar, shali yangu ya juu, nikaifunika juu ya blanketi, nikakumbatia vyote njia nzima. Kila shimo moyo unaruka.

Mwenye punda akageuka. "Mama, mbona mmeikumbatia hivyo? Maiti ya nani?"

"Ya kwangu, ikimwagikiwa maji," nikamjibu. Alicheka mpaka punda akasimama.

Ofisini Saadia akachomoa nyaya zake, akachomeka zetu. Kioo chake cheupe, safi. Hakuna anayefukiza pale. Hodan akabonyeza. Nikafumba macho nikasoma Ayatul Kursi. Nikasikia kisanduku chetu kikinguruma, sauti ninayoijua, kama paka wa nyumbani.

Nilipofumbua, mitihani ilikuwa kwenye kioo cha watu wengine. Hesabu, swali la kwanza, ng'ombe na maziwa yao. Nilishika meza. Kitu hicho hicho, herufi hizo hizo, mahali ambapo hazijawahi kufika! Nywele zilinisimama kuliko Jumamosi.

Halafu nikaelewa, na nikajiona mzee mjinga. Chuoni, mwalimu hakuturuhusu kuosha loox mpaka tumehifadhi. Unasoma kwa kichwa, anasikiliza, ndipo anasema nenda kaoshe. Tuliosha kwa furaha. Hakuna mtoto aliyelia kwamba aya imepotea, ilikuwa kifuani. Mimi nimeosha loox utoto wangu wote, nikasahau somo hilo moja.

Sayansi haikuwa yote. Nusu tu. Hodan alifunga midomo, akatoa karatasi za mwalimu, akaanza kupiga upya. Mimi nilimsomea maswali kwa sauti ili asigeuze shingo. Darasa la saba langu limenifaa. Neno "usanisinuru" nililisoma vibaya mara tatu, Saadia akaangua kicheko, Hodan akasema, "Endelea, hooyo, usiogope majani." Umeme ulipepesuka mara moja. Ukatulia.

Sasa Hodan anahifadhi kila baada ya swali. Namsikia anajiambia.

Printa ilipotoa zote tulikimbilia shuleni, tukamkuta mwalimu mkuu akifunga ofisi yake, ufunguo mkononi. Akahesabu karatasi, akasoma ya juu. Akasema chapa iko safi. Akasema za muhula ujao pia zije kwa Hodan.

Nilikaa kwenye ngazi ya shule nikalia mbele ya watoto. Sikujali.

Jumatano, 10 Julai

Noor ameletewa habari na mwalimu mwenyewe msikitini. Alikuja. Amekunywa chai yote leo. Hakusema kwamba alikosea. Alimwuliza Hodan kama chombo kinaweza kuandika barua ya kujibu posa kwa heshima, bila kumvunja mtu. Hodan akasema kinaweza, kikikauka.

"Wajir haikimbii," akasema Noor akitoka.

Najua. Nimelisikia neno hilo na nimelielewa pande zote mbili: hana haraka tena, wala hajasahau. Lakini Ijumaa gari litaondoka bila binti yangu.

Kioo bado hatujakiwasha. Nakitembelea kama mgonjwa.

Ijumaa, 12 Julai

Hodan amekiwasha baada ya swala. Alinituma nje kwanza, nikakataa, nikasimama nyuma yake. Kikalia kidogo. Nikaruka. Kikawaka.

Kina alama. Pembeni kulia, nilipoanza kusugua, jivu limekwaruza. Pana ukungu mdogo, kama goti la mtoto aliyeanguka. Hautatoka. Hodan anasema atazoea. Mimi sitazoea.

Uunsi nimeuhamishia barazani. Nyumba itanukia kutoka nje kwenda ndani.

Jioni amenifundisha. Nayaandika nisije nikasema sikuambiwa. Kizime kwanza. Chomoa waya. Ngoja kipoe, lile joto litoke. Kitambaa cha pamba, laini, kikavu, vumbi likitoka basi inatosha. Uchafu ukigoma, lowesha kitambaa kidogo, kamua mpaka kisitoe tone, kitambaa kiende kwenye kioo, maji yasiende. Halafu pangusa kwa kikavu. Usiwashe mpaka unyevu uishe. Hakuna jivu, hakuna sabuni, hakuna manukato, na mgongoni usiguse.

Alinipa ncha ya waya nishike mkono wa kushoto. "Ukiwa nayo mkononi, hooyo, haiko ukutani. Ndio ufute."

Nikafuta. Polepole, kuanzia juu. Hakikulia. Hakuna kilichonidonoa. Ayeeyo alikuwa kitandani anatazama, akauliza maji ya leo yako wapi. Nikamwambia leo hakuna.

Kioo kikiwa kimezimwa hakiandiki Bismillahi. Nikaisema mimi.