Maneno Niliyoongeza

Jumapili, 4 Mei
Nimetoka kanisani kutafsiri. Chai kwanza, halafu kujipima, kama kila Jumapili. Lengo la mwezi huu: nisisitesite. Mchungaji ni mgeni hapa Bweri, Kijita hajui hata salamu. Wazee na kina mama wanamsikia kupitia mdomo wangu. Leo sikukwama hata mara moja. Somo lilikuwa msamaha. Yeye alimaliza kikavu, mimi nikatia utamu. Kina mama wakalia. Najipa tisa kwa kumi.

Jumatano, 7 Mei
Nyafuru amerudi Kisorya kwa mumewe. Yule aliyemvunja mkono mwaka jana. Alikuwa anakaa hapa kwa kaka yake, ameanza hata kunenepa. Amewaambia majirani kwamba Mungu alisema naye Jumapili.
Nimefurahi. Nimejiona nimepiga hatua.
Halafu nikajaribu kukumbuka mchungaji alisemaje hasa. Nimeacha.

Ijumaa, 9 Mei
Nimekumbuka. Uongo, sikuwa nimesahau. Mchungaji alisema: "Msamehe, hata kama hurudi kwake." Mimi nikasema: "Msamehe, inuka, rudi nyumbani kwako." Nilimsikia vizuri kabisa. Niliona tu maneno yake yanaishia vibaya.
Na ule mkono ulipovunjika, nilimsindikiza hospitali mwenyewe. Mwanamke mzima mimi.

Jumanne, 13 Mei
Kisorya. Nimemkuta anaanika dagaa kwa mkono mmoja. Shavu limevimba. Nimemweleza yote.
"Kwa hiyo hakusema mchungaji?"
"Nilisema mimi."
Akaendelea kutandaza dagaa. "Na ulivyoyasema vizuri, dada."
Nikamwambia twende sasa hivi. Amekataa. Kaka yake naye alikuwepo kanisani, naye alilia. Akirudi ataambiwa anamkimbia Mungu.
"Zamani nilikuwaga naogopa mume tu. Sasa na kaka hanipokei. Kayaseme pale pale uliposemea."
Nimejichukia mpaka Bunda, nimejichukia mpaka nyumbani.

Alhamisi, 15 Mei
Siku mbili natafuta pa kutokea. Nimwone kaka yake faraghani? Nimwombe mchungaji aseme yeye? Woga mtupu. Kiti changu pale mbele nakipenda, hilo ndilo tatizo. Nyafuru yuko kule, mimi nachagua maneno.

Jumapili, 18 Mei
Nimeomba kipaza sauti kabla ya mahubiri. Nimesema ukweli wote kwa Kijita, kisha nikamtafsiria mchungaji kwa Kiswahili. Sikuongeza kitu. Nimekwama mara nyingi. Mama mmoja akauliza kwa nguvu, "Mangapi mengine ulikuwaga unatuongezea?" Ni mengi.
Kaka yake Nyafuru akasimama, akatoka. Sijui amemkasirikia nani.
Mchungaji amesema nipumzike. Hakusema mpaka lini.
Sikujipa alama.

Jumanne, 20 Mei
Jioni pikipiki ya kaka yake imepita hapa mlangoni. Nyafuru kakaa nyuma, sufuria mapajani, godoro limefungwa kwa kamba. Nimemsalimia kwa Kijita. Hakuitikia.
Nimefagia uwanja. Nimesonga ugali, nimekula kidogo.
Jumapili atatafsiri binti wa shemasi. Wanasema anakwama sana, kila neno anamuuliza mchungaji mara ya pili.
Afadhali.