Leso Niliyovaa Kwenda Kutazama Ndege

Jumamosi, Mei inayoyoma. Jua limetoka lakini baridi haijaaga, na moyo wangu una jambo tangu alfajiri.

Rukia wangu, wanaomjua wanamjua, na wasiomjua nawajuza: ndiye mfamasia, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe, na uzuri wake si wa kusimuliwa na mamake. Mtoto huyu kazaliwa hapa hapa Thamesmead, London, na hajawahi kupenda matope. Lakini tangu miti ianze kuchipua, kila Jumamosi anaamka mapema, anapaka wanja, ati anaenda na kikundi chake kutazama ndege kule ziwani.

Wanja, wa kutazama ndege?

Leo nikamwambia twende sote. Akakubali upesi mno. Hilo nalo nikaliweka moyoni.

Kwetu Mombasa mambo kama haya mtu haulizi kwa mdomo. Nilifungua sanduku, nikatoa leso nyekundu yenye jina *Mficha uchi hazai*, nikajitanda juu ya jaketi, maneno yakakaa mgongoni. Kisha nikahakikisha natembea mbele yake. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kizungu, lakini majina ya leso anayasoma yote. Ndiyo niliyomfundishia kusoma, tukipiga pasi.

Tulipofika ziwani, mtuhumiwa wangu nikampata papo hapo. Mrefu, ndevu tele, darubini shingoni. Akamwonyesha Rukia korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Akamwonyesha kasuku wa kijani wakigombana juu ya mti. Akamwonyesha na mbweha jike akiota jua na wanawe, ambaye mimi namjua vizuri, ndiye anayepindua pipa letu la taka. Wenzangu walitazama wanyama. Mimi nilimtazama ndevu.

Mara tukaona bata maji, yule mkubwa mweupe wa shingo ndefu, vifaranga vyake vya rangi ya majivu vimempanda mgongoni. Nikasogea nipige picha. Dume likaja na mabawa wazi, likinifokea kama nimemtukania mamake. Ndevu akaniambia kwa upole nirudi nyuma, huyo analinda watoto tu.

"Hata mimi," nikamjibu, nikimkazia macho.

Pale penye matope alinishika mkono kijana mwingine, Mzungu mfupi mwenye madoadoa usoni, kimya kama paka. Nilipofungua mahamri yangu (ambayo, bila kujisifu, London hii hayana mwenzake) akaniinamia kidogo.

"Shikamoo, Mama."

Nikaitikia marahaba, nikamwongeza hamri la pili. Nikajua sifa zangu zimefika mbali. Nikamnong'oneza Rukia: tazama kijana mwenye adabu, si huyo ndevu wako. Alicheka hadi akashika magoti.

Mwisho wa matembezi, ndevu akapokewa getini na mkewe na mtoto wao kwenye kigari. Nikatahayari kidogo.

Kidogo tu.

Nyumbani nikasali, nikajinyoosha, usingizi ukanipitia. Nilipoamka nikakuta leso imetundikwa kwenye mlango wa jikoni. Yangu mwenyewe, ile ya buluu niliyotunzwa siku ya harusi yangu, imepigwa pasi, jina limegeuzwa nilione vizuri.

*Chanda chema huvikwa pete.*

Nikakaa kitako. Mwanangu amenijibu, tena kwa Kiswahili. Mtoto nimelea, hilo hakuna wa kunibishia.

Lakini pete ya nani? Ndevu ana mke. Ndipo nikamkumbuka yule wa madoadoa. Mzungu yule, nani alimfundisha shikamoo?

Na mimi nimemlisha mahamri kwa mkono wangu!

Sasa ni jioni. Mlango wa Rukia uko wazi nusu, najua ananisikiliza. Nina maswali: dini yake, kwao, mamake ni mtu wa aina gani. Sanduku liko mbele yangu. Nimetoa leso ya kukataa, nikaikunja. Nimetoa ya kukaribisha, nikaikunja pia, lakini hiyo sijairudisha ndani.

Kesho asubuhi nishuke na ipi?