Picha Iliyokatikia Mlangoni

Kambi ya Mgodi, Geita
Jumatatu, baada ya kazi

Kwa dada yangu Kabula, Ngokolo, Shinyanga.

Shikamoo dada. Barua hii ikikukuta umeshika mwiko, kaa kwanza uisome. Ikikukuta umeshika shavu kwa mawazo yangu, basi liachie, maana sina ubaya wowote. Miguu ya mayu aliyetuzaa inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyopewa hospitali anaitumia mwenyewe, au bado anawagawia majirani na kusema yeye ni mzima? Na shemeji amerudi kutoka Isaka, au pamba ya mwaka huu bado inamshikilia stesheni? Mimi kikohozi kimekwisha. Nakula vizuri, ingawa michembe ya viazi vya huku si kama yako.

Nimeambiwa kwamba yule dereva wa lori aliyepita kwenu alisema mgodini kuna fujo, kwamba Masanja kaitwa na Mzungu, na huenda amefungwa. Nimeambiwa pia mayu alikataa kula siku hiyo. Dada, sijafungwa. Ila nilikuwa karibu kufukuzwa kazi, na watu wawili ninaowapenda nao walikuwa karibu kufukuzwa, na sababu ya yote ni sinema. Usicheke kabla hujafika mwisho.

Unajua kwamba tunayo mashine ya sinema hapa, ya zamani, iliyobaki baada ya vita. Kila Jumamosi wanatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, na watu wa kambi nzima wanakaa chini kutazama. Kwa kuwa mimi ni karani na ninajua Kiingereza, nimepewa kazi ya kusimama kando ya shuka na bomba la bati mdomoni, nieleze yanayotokea. Unanijua mimi na kusimama mbele za watu. Siku ya kwanza bomba lilitetemeka hata meno yakagonga bati, na watu wakadhani ni sauti ya mashine.

Picha zenyewe ni zile ambazo miji mingine imezichoka. Zimechanika, zimeungwa vibaya, nyingine hazina mwanzo wala jina. Mwanzoni nilizionea aibu kana kwamba nilizitengeneza mimi. Baadaye nikagundua kwamba watu hawaji kwa ajili ya picha. Wanakuja ili Jumapili wapate la kusema.

Kwa mfano tulioneshwa picha ya kufundisha kuogesha ng'ombe kwenye josho. Ng'ombe anaingia majini, anatoka upande wa pili, mwenye ng'ombe anatabasamu, basi. Kesho yake nilipopita kibarazani kwa Salehe nikakuta vurugu. Salehe ni fundi cherehani, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mzima mwenye mdomo usiopumzika, na kibaraza chake ndipo watu wanapokutana baada ya ibada. Aliyekuwa amesimama katikati ni Shija, mtoboa miamba wa chini ya mgodi, Msukuma wa kwetu Maswa, mrefu, ambaye nyumbani ni kiongozi wa ngoma.

"Aliyeingia alikuwa mwekundu," Shija alikuwa anasema. "Aliyetoka ana baka jeupe tumboni. Yule mwekundu yuko wapi?"

"Amezama," akasema Salehe bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Yaya, sivyo! Mpiga picha kamchinja, kamla, kaleta mwingine!"

"Ninyi Wasukuma mnapewa elimu bure, mnahesabu ng'ombe tu. Ungeoneshwa mbingu ungeuliza zizi liko wapi."

"Na wewe mtani wangu ungeuliza nazi ziko wapi!"

Walicheka hata wakashikana mabega. Habari ya yule ng'ombe mwekundu iliendelea wiki nzima, na chini ya mgodi watu walikuwa wakiulizana kama amepatikana. Dada, sijawahi kuwa mahali ambapo watu wa makabila mengi hivi wanafurahi pamoja kwa kitu kibovu. Picha nzuri tuliyowahi kuletewa, safi, isiyo na kosa, watu waliitazama, wakasema nzuri, wakaenda kulala.

Sasa nakuja kwenye ile iliyoleta mambo. Ni picha isiyo na sauti, kuukuu sana, hakuna ajuaye jina lake kwa sababu kipande cha mwanzo kimekatika. Kuna mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kando ya reli. Anafika mgeni aliyefungwa bandeji uso mzima, amebeba tundu lenye kuku mmoja. Hasemi na mtu ila na kuku. Mtu aliyeunga mkanda ameuunga mwisho mbele, mwanzo nyuma, kwa hiyo mgeni anazikwa, kisha anaugua, kisha anakunywa supu. Nilipofika hapo nikashusha bomba nikasema kweli tupu: "Ndugu zangu, hapa hata mimi sielewi." Walinishangilia kuliko siku zote.

Mwishoni mlango unagongwa. Yule mama anachukua taa, anafungua, anaona aliyesimama nje, uso wake unabadilika, na hapo hapo shuka linabaki jeupe. Kipande cha mwisho kiliungua zamani.

Nani yuko mlangoni? Kambi nzima haikuwa na swali jingine. Shija akasema ni mume wa yule mama, aliyekwenda kazini mbali akadhaniwa amekufa. Salehe akasema sivyo, ni mama mzazi wa yule mwenye bandeji, amemtafuta mwanawe stesheni hadi stesheni. Watu wakagawanyika. Na hapo, dada, Shija akafanya kile ambacho mtu wa kwetu yeyote angefanya. Akasema maneno hayatoshi, tuingie uwanjani kama ngoma za mavuno, chama cha Bagika huku na cha Bagalu kule, kila upande ucheze mwisho wake kwa wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mwenye picha. Watu wa pwani na wa Kigoma hawakuujua mchezo huo, lakini waliuelewa upesi mno.

Jumapili iliyofuata uwanja wa mpira ulijaa. Upande mmoja Shija amevaa koti kuukuu, anarudi kutoka mbali kwa magoti, watu wake wanaimba. Upande wa pili Salehe amejifunga khanga kichwani, ni mama mzazi, anagonga mlango wa hewani kwa fimbo na kulia machozi ya kweli. Watazamaji wanakimbia huku, wakisikia kelele wanakimbia kule. Vumbi, miluzi, fimbo juu.

Na ndivyo alivyotukuta bwana mpya wa kambi. Ana mwezi tu hapa, ametoka migodi ya kusini, Kiswahili hajui. Aliona makundi mawili ya wachimbaji yametazamana na fimbo. Unajua siku hizi watu wakikusanyika jinsi inavyochukuliwa. Askari wa kambi wakapiga filimbi, watu wakatawanyika, na Jumatatu asubuhi nikaitwa.

Nilisimama mbele ya meza yake.

"Nataka majina ya viongozi wa pande mbili," akasema. "Wataondoka na lori la kesho."

Niliyajua majina hayo kama ninavyolijua lako. Shija ana watoto kwao. Salehe hana kwingine pa kwenda, amekaa hapa hata kwao wamemsahau. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nadhani kama ingetoka ningeyataja, sitakuficha. Badala yake nikasema, "Bwana, hawakuwa wanapigana. Walikuwa wanabishana."

"Kuhusu nini?"

"Mlango, bwana."

"Mlango gani?"

Basi nikamweleza. Nyumba ya wageni, bandeji, kuku, maziko kabla ya ugonjwa. Nilipokuwa naeleza nilijisikia mjinga sana, lakini yeye aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama kuku alikuwa mweupe. Nikasema ndiyo. Akasema, "Niliiona picha hiyo nilipokuwa mtoto. Najua mwisho wake. Mlangoni hakuna mtu. Ni upepo." Kisha akakunja uso tena, akaniagiza hivi: Jumapili nisimame uwanjani niwaambie mwisho wa kweli, naye atakuwepo. Wakisikia na kwenda zao kimya, yameisha. Wakipiga kelele tena, atachukua majina, sinema itafungwa, na atatafuta karani mwingine.

Niliwaendea Shija na Salehe jioni ile nikawasihi wanyamaze tu. Salehe akasema, "Mwandike huyu mtani wangu, kwao ni karibu." Shija akasema, "Mwandike yeye, anakula sana." Kisha wakaniangalia, wakaacha mzaha. Salehe akanisukumia kigoda, akaniambia, "Kaa, mwanangu." Wakaahidi kukaa kimya.

Nayo ahadi waliitunza, nasema kweli. Jana uwanja ulijaa kama siku ya mazishi. Bwana alisimama kando yangu na kofia yake. Nikainua bomba nikatangaza kwamba bwana ameiona picha nzima, na mlangoni hakuna mtu, ni upepo.

Kimya. Nikaanza kupumua.

Ndipo mzee mmoja wa nyuma kabisa, Mha asiyesema kamwe, akauliza kwa upole, "Upepo unagonga hodi?"

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Huo nao ni upande. Upande wa tatu!" Na kabla sijazuia lolote watu walianza kujigawa, kwa mazoea tu, huku wa Shija, huku wa Salehe, wakaacha nafasi wazi katikati kwa ajili ya upande wa bwana. Hakwenda mtu hata mmoja. Kulikuwa na mimi peke yangu na bomba langu, kando ya Mzungu.

"Karani!" mtu akaita. "Uko hapo kwa sababu ya upepo au kwa sababu ya kazi?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Bwana akawa mwekundu, akaniinamia. "Wanasema nini?"

Ningeweza kumdanganya, dada. Nilitafuta uongo sikuupata, kichwa kilikuwa kitupu kwa hofu. Nikamwambia, "Wanauliza kama nimesimama hapa kwa kuamini au kwa kuogopa."

"Na ni kipi?"

"Kuogopa, bwana."

Alitazama ile nafasi tupu, akatazama watu wanavyomngojea, hawana fimbo safari hii, nyuso zao zina hamu tu, kama watu wanaotaka kusikia mwenzao atajitetea vipi. Nadhani hakuwahi kutazamwa hivyo na watu hawa. Kisha akasema, "Nenda ukasimame unapoamini."

Sikujua kama ni ruhusa au ni kufukuzwa. Nilivuka ule uwanja huku pande zote mbili zikiniita kwa kelele, Shija akinipungia, "Huku, ng'wana wa kwetu, huku!" Nikampita. Nilikwenda kwa Salehe, kwa sababu tangu siku ya kwanza ya picha ile, yule mama alipoinua taa, mimi nilimwona mayu akitutafuta ule mwaka wa njaa. Nilikuwa sijamwambia mtu. Salehe alinipokea kwa mikono miwili, na Shija akapiga kelele kwamba Wazaramo wamemwiba mtoto wake.

Nilipogeuka, bwana alikuwa bado amesimama peke yake kwenye upepo wake. Akaniita nimfasirie. Akasema kwa sauti, nami nikarudia kwenye bomba: kwamba alikuwa mdogo sana alipoiona, amekaa na shangazi yake; kwamba mlango ulipogongwa aliogopa, akaficha uso kwenye nguo za shangazi. Kuhusu upepo aliambiwa na shangazi njiani kurudi nyumbani. Yeye mwenyewe hakuona.

Hakuna aliyecheka. Shija akaita: "Basi naye aje, achague." Nilifasiri. Bwana akatikisa kichwa, akavaa kofia, akasema anahitaji kufikiri, na fimbo zisionekane tena uwanjani. Majina hakuuliza. Leo asubuhi nilikwenda kazini nimevaa shati la kanisani, nikitegemea kufukuzwa. Alinipa kazi zangu kama kawaida. Nilipokuwa natoka akasema, "Huyo mama mzazi, angejuaje nyumba ni ipi?" Nikamwambia nitamuuliza Salehe.

Kwa hiyo mwambie mayu ale. Umsomee yote, hata pale niliposema ningeyataja majina. Yeye ananijua.

Nisalimie shemeji, na wajomba wa Maswa ukipata anayekwenda. Msalimie mama mkwe wako, mwambie kitambaa chake Salehe anakishona mwenyewe. Wabusu watoto, hasa Nkwimba, na asiguse kalamu zangu nilizoziacha. Mwalimu wangu mzee akipita hapo, mwambie bado naogopa kusimama mbele za watu, lakini nasimama.

Mimi mdogo wako mpenzi,
Masanja