Gamba la Konokono

Kamembe, Desemba 1996

Kaka Sultani,

Sote tu wazima, na wale kaa wawili wa magambani uliompa Kamali atuletee kutoka Tanga wako hai. Mwanzoni niliwatia kwenye beseni la maji ya ziwa, wakahangaika kupanda ukingo. Kamali akanifokea: "Unabazamisha! Banaishiaka inchi kavu!" Sasa wana mchanga wenye unyevu, kisahani cha maji ya ile chumvi ya bahari uliyotuma, na kioo juu ili unyevu usipotee.

Kumbe wakikua gamba linawabana, lazima wawekewe mengine makubwa zaidi. Gaju ameokota ya konokono migombani, akayachemsha, akayapanga mchangani.

Gaju ni binti wa Maman Mukankusi, mwenye nyumba hii tuliyoikuta tupu tulipotoka Bukavu, wenyewe wamekimbia vita. Sikuwa nimekuandikia habari hiyo. Mwezi uliopita walirudi kutoka kambi ya wakimbizi, Zaire. Maman analala na watoto wake jikoni, katika uwanja wake mwenyewe, na kila asubuhi ananisalimu.

Jana kaa mkubwa alijichomoa, tumbo uchi, akajitia upesi katika gamba la konokono. Gaju akalipangusa lile la zamani. "Tante, tuache hii karibu na ule mudogo. Itamufaa."

Leo nimefagia vyumba vyote, nikamkabidhi mama yake ufunguo. Kaa pia nimemwachia Gaju. Anawajua kuliko mimi. Barua zako zipitie dukani kwa Kamali, mpaka nikuandikie tunakoishi.

Dada yako,
Zulaikha